Kupima Uzito Juani: Saketi za Vihisi vya Ukinzani na Haki ya Mizani



Mada yangu leo ni vihisi ambavyo ukinzani wake wa umeme hubadilika vinapovutwa au kubanwa, pamoja na saketi zinazovisoma. Vimo ndani ya mizani ya kidijitali ya dukani, mizani ya korosho ghalani na mizani ya malori barabarani. Tatizo lake kubwa ni kwamba joto nalo huvibadilisha. Hoja yangu ni kuwa joto lizuiwe kwa ulinganifu wa saketi yenyewe, kabla halijageuka namba kwenye kioo, na kwamba kazi hiyo tuithibitishe hapa nchini, katika joto tunaloishi nalo.

Badiliko dogo mno

Mwaka 1856 William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, aliieleza Royal Society ya London kuwa waya wa shaba au wa chuma ukivutwa, ukinzani wake hubadilika. Ilichukua zaidi ya miaka 80 kwa jambo hilo kuzaa chombo cha kazi. Mwaka 1938 Wamarekani wawili, Edward Simmons huko California na Arthur Ruge huko Massachusetts, kila mmoja kivyake, walibandika waya mwembamba kwa gundi juu ya kitu walichotaka kukipima, ili waya na kitu vinyumbuke pamoja. Siku hizi mahali pa waya pana utando mwembamba wa konstantani, ambayo ni aloi ya shaba na nikeli, uliochongwa mistari ya kwenda na kurudi.

Hapa mezani nina ubapa wa aluminiamu uliobanwa upande mmoja, na juu yake kimebandikwa kihisi cha omu 350. Nikitundika jiwe hili la mizani kwenye ncha, uso wa juu unavutika kwa sehemu 500 katika milioni. Ukinzani unapanda kwa omu 0.35, yaani sehemu moja katika elfu. Hiyo ndiyo habari yote tuliyopewa.

Sasa naondoa jiwe na kuuacha ubapa upate joto la taa hadi upande kwa nyuzi 20. Kihisi hiki kimetengenezwa kwa ajili ya kubandikwa kwenye chuma, ambacho hutanuka kwa takribani sehemu 12 katika milioni kwa kila nyuzijoto moja. Aluminiamu hutanuka kwa sehemu 23. Tofauti ya 11, mara nyuzi 20, ni 220. Saketi inatangaza mzigo unaokaribia nusu ya jiwe lile, na hakuna kitu kilichotundikwa. Nyaya nazo zina yake. Zikiwa na ukinzani wa omu moja, shaba ikipata nyuzi 10 za ziada huongeza omu 0.039, na kwa kihisi hiki hizo ni sawa na mnyumbuko wa sehemu 56 katika milioni.

Daraja

Dawa ya kwanza ni kongwe kuliko kihisi chenyewe. Samuel Hunter Christie aliieleza mwaka 1833. Charles Wheatstone aliieneza mwaka 1843 na kumtaja Christie waziwazi, ingawa jina lililobaki ni daraja la Wheatstone. Vikinzani vinne hupangwa katika mraba. Umeme unaingizwa kwenye pembe mbili zinazotazamana, na kwenye pembe mbili zilizobaki inasomwa tofauti ya volti. Daraja hufanya kazi kama mizani ya sahani mbili: halitupi uzito wa kila sahani, linatuonyesha upande upi umezidi na kwa kiasi gani.

Chini ya ubapa huu kipo kihisi cha pili, ndugu wa kile cha juu. Nikitundika jiwe, cha juu kinavutwa na cha chini kinabanwa. Ukinzani mmoja unapanda, mwingine unashuka, na daraja linaijumlisha tofauti hiyo. Nikiwasha taa, tazameni kwanza namba inavyosogea, kwa kuwa uso wa juu umetangulia kupata moto. Subirini kidogo. Joto linavyoenea hadi chini, namba inarudi kwenye sifuri. Vihisi vyote viwili vimepanda, lakini vimepanda pamoja, kwa hiyo daraja halina la kusema.

Jambo hilo moja lina mafunzo mawili. Daraja hufuta kila kinachovipata vihisi vyote kwa usawa, iwe joto, kutanuka kwa chuma au urefu wa nyaya. Na haliwezi kufuta kisichovipata kwa usawa. Ndiyo maana fundi hodari hufikiria kwanza mahali pa kubandika vihisi, unene wa chuma na upande linakotokea jua, halafu ndipo afikirie amplifaya.

Makosa yanayobaki

Lodiseli, kama mafundi wa mizani wanavyoiita, ni kipande cha chuma chenye daraja la vihisi vinne. Chukueni ya tani 30 inayolishwa volti 5. Ikibeba mzigo wake wote hutoa milivolti 10 hivi. Kwa hesabu hiyo, kilo 20 ni chini kidogo ya mikrovolti 7.

Maadui wa mikrovolti 7 ni wengi. Wa kwanza yuko kwenye viungo. Metali mbili tofauti zikiunganishwa, viungo vyake vikitofautiana joto, huzaa volti zenyewe. Kwa shaba na konstantani ni takribani mikrovolti 40 kwa kila nyuzijoto ya tofauti. Kiungo kimoja kikipata jua na mwenzake akikaa kivulini, kwa nyuzijoto moja tu lodiseli hiyo inaongeza au kupunguza kilo 120. Tiba yake ni nzuri kwa urahisi wake. Tunasoma mara moja, tunageuza chanya na hasi za umeme unaolisha daraja, kisha tunasoma tena. Ishara ya mzigo inageuka, volti za viungo hazigeuki. Tukipata milivolti 10.04 na kisha hasi 9.96, tunatoa ya pili kwenye ya kwanza na kugawa kwa mbili. Jibu ni 10.00, na kosa la viungo limetoweka.

Adui wa pili ni chuma chenyewe. Kikipata joto hulegea kidogo, takribani asilimia 0.03 kwa kila nyuzijoto, kwa hiyo mzigo uleule hukinyumbua zaidi. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari ya mwaka 2016 imeweka ukomo wa tani 56. Lori la uzito huo likipimwa kwenye mizani iliyopanda nyuzi 30 bila fidia, linaweza kuonekana limezidisha karibu kilo 500. Dereva ataadhibiwa kwa mzigo ambao hakuupakia. Fidia yake ni kikinzani cha nikeli kilichowekwa ndani ya lodiseli, kwenye njia ya umeme unaolisha daraja. Joto likipanda, ukinzani wa nikeli unapanda, volti ya daraja inashuka, na ishara inarudi mahali pake.

Adui wa tatu ni volti ya kulishia, ambayo haitulii, hasa nyaya zikiwa ndefu. Tunaongeza nyaya mbili za kupeleleza volti iliyofika kwenye daraja, na volti hiyohiyo tunaifanya kipimio cha kigeuzi cha kidijitali. Ikishuka, ishara na kipimio hushuka pamoja, na uwiano wake haubadiliki. Hapa tena kilichotuokoa ni ulinganifu.

Nafasi ya programu

Wanafunzi wangu huniuliza kwa nini tusiweke kipimajoto kando ya kihisi, tukaiachia programu ikokotoe masahihisho. Tuweke, hasa kwa vihisi vya silikoni. Mwaka 1954 Charles Smith wa Bell Labs alionyesha kwamba ukinzani wa silikoni hubadilika kwa mnyumbuko kuliko wa metali kwa mara nyingi sana, lakini silikoni huathirika sana na joto pia, na fidia ya hesabu haiepukiki. Hata hivyo kipimajoto hupima mahali kilipo. Jua likipiga upande mmoja wa jukwaa, programu itasahihisha kwa joto la mahali pasipohusika. Hesabu imalizie kazi ya saketi, isiibebe peke yake.

Mizani zetu, joto letu

Pendekezo la kimataifa la mizani, OIML R 76, huchukulia kuwa mizani ya kawaida inafanya kazi kati ya hasi 10 na nyuzi 40. Linadai pia kwamba kwa mizani za biashara, sifuri isisogee zaidi ya kipande kimoja cha uhakiki kwa kila badiliko la nyuzi 5. Nyuzi 40 zimetajwa kwa hewa inayoizunguka mizani. Jukwaa la chuma linaloshinda juani hupita hapo bila shida.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Chuo kijenge chumba cha joto cha kupimia lodiseli, ambamo tutaona sifuri na mzigo kamili vikifuatwa kutoka nyuzi 15 hadi 60. Wizara na Wakala wa Vipimo washirikiane nasi ili uhakiki wa mizani za nje ufanyike asubuhi na pia saa nane mchana, na matokeo yote mawili yaandikwe kwenye cheti. Na mtaala wetu umtake kila mwanafunzi wa elektroniki ajenge daraja kamili kwa mikono yake, alipashe joto, aandike kosa lake na kulifidia, kabla hatujampa shahada.

Gharama ya hayo si kubwa. Mkulima hana njia ya kuikagua saketi anayopimiwa korosho zake, wala dereva hawezi kuifungua lodiseli. Wao wanatuamini sisi tuliosoma. Ni wajibu wetu namba wanayosomewa saa nane mchana iwe ileile ambayo wangesomewa alfajiri.