Deni Lililolipwa Barazani

Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa ukoo, Brussels



Kamati imenitaka niseme machache juu ya historia, nami nimeahidi kutowachosha. Nimechagua jambo ambalo katika ukoo wetu hutajwa kwa sauti ya chini, nalo ni hili: mtu akila amana ya tajiri wake, ni nani alipe? Mchana huu tutapiga kura juu ya kifungu cha katiba yetu kinachosema kwamba mtunza hazina akipoteza fedha za mfuko wa mazishi, jamaa zake wa karibu ndio watakaozilipa. Yafaa tujue waliotutangulia walifanyaje kabla hatujanyoosha mikono.

Katika karne ya 19, biashara baina ya Unguja na bara ilisimama juu ya amana. Matajiri wa Kihindi wa Unguja, kama Taria Topan, na Ludha Damji aliyesimamia Forodha, walitoa merikani, kaniki na ushanga kwa mkopo. Mwenye msafara alikwenda navyo Tabora, Ujiji, hata Manyema, akarudi baada ya miaka na pembe za ndovu. Njia nzima haikuwa na polisi wala benki. Mali ya tajiri ilikuwa mikononi mwa mtu aliye mbali, na kilichobaki pwani cha kumshika mtu huyo ni nyumba yake, shamba lake, jina lake na jamaa zake. Ndiyo maana swali la "huyu ni mtoto wa nani?" lilikuwa swali la biashara kabla ya kuwa swali la adabu.

Sheria ya Kiislamu, ambayo makadhi wa pwani waliifuata, ilitofautisha mwizi na mwenye kuhini amana. Huyu wa pili hakukatwa mkono. Tena ilisema kwamba deni la marehemu hulipwa kutoka katika mali aliyoiacha kabla ya kugawa urithi, na warithi hawadaiwi zaidi ya mali hiyo. Lakini desturi ilikwenda mbali kuliko sheria. Jamaa walichanga, kwa kuwa mlango wa mkopo ukifungwa kwa mmoja, hufungwa kwa ndugu zake wote. Desturi hiyo ilikuwa na upande wa giza pia. Katika njaa ya mwaka 1884, nyuma ya Mombasa, wako waliowaweka jamaa zao wenyewe rehani ili wapate chakula. Aliyewekwa rehani mara nyingi alikuwa mtoto, na mtoto hakuulizwa.

Baadhi yenu mmepanda nami tramu namba 44 kwenda Tervuren. Katika makumbusho yale zimehifadhiwa karatasi za Stanley, pamoja na madaftari ya safari yake ya kwenda Ujiji, mji wetu. Wengi hukumbuka kuonana kwake na Livingstone mwaka 1871. Wachache hukumbuka kwa nini Livingstone alikuwa fukara siku hiyo. Balozi Kirk alikuwa amempelekea bidhaa kutoka Unguja kwa mkono wa Ludha Damji, na msimamizi wa msafara alikuwa mshonaji mmoja aliyeitwa Sherif. Livingstone alipofika Ujiji mwezi wa Oktoba, mgonjwa na amechoka, alikuta bidhaa zote zimeuzwa. Katika yadi 3,000 za nguo na ratili 700 za ushanga hakusaliziwa kitu. Sherif alidai kwamba alipiga ramli kwa Kurani, ikamwonyesha kuwa Daktari amekwisha kufa. Kisha akaja kumpa mkono, na mkono ulipokataliwa, akakasirika yeye!

Yalifuata mambo mawili. Livingstone alipeleka malalamiko yake kwa balozi, kwa maandishi, kama sisi watu wa ofisi tufanyavyo. Na Mwarabu mmoja wa mjini, Said bin Majid, ambaye hakudaiwa kitu, alikuja kusema kwamba atauza pembe zake ili ampatie mgeni bidhaa. Livingstone alishukuru, akamwomba asubiri kwanza. Kwa maoni yangu, katika mkasa ule wote hakuna tendo la heshima kuliko hilo. Lakini tazameni: Said alitoa kilicho chake, kwa hiari yake.

Sasa nirudi nyumbani. Mwaka 1970, nikiwa na umri wa miaka 12, baba yangu mdogo alikuwa karani wa duka moja pale Ujiji. Tajiri alihesabu mali yake, akakuta upungufu mkubwa. Hakwenda polisi. Alikuja jioni kwa babu, akavua viatu, akaketi barazani, akaweka daftari juu ya mkeka. Babu alisoma ukurasa kwa ukurasa, akafunga daftari, akasema, "Deni hili ni letu." Katika miezi mitatu tuliuza mtumbwi mkubwa wa uvuvi, michikichi ya babu na bangili za shangazi. Hazikutosha. Kilichotimiza hesabu ni akiba iliyowekwa kwa masomo ya dada yangu, ambaye alikuwa akishika nafasi ya kwanza darasani. Hakurudi shuleni.

Baba mdogo hakufungwa. Alivuka ziwa kwenda Kalemie na jina safi, akafanya kazi kwa uaminifu, akaoa, akazaa. Karibu nusu ya mliomo katika ukumbi huu ni watoto na wajukuu wake. Kama babu angesema "mpelekeni mahakamani", huenda ninyi msingekuwapo, na mimi nisingekuwa na ndugu wa kunipokea nilipofika Brussels mwaka 1996 sina hata koti la baridi. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba babu alikosea. Dada yangu ameketi pale mbele. Ameniruhusu kuyasema haya, nami siwezi kusema kwamba babu alipatia.

Nimekuwa mtumishi wa umma kwa miaka mingi, kwanza nyumbani, kisha katika ofisi ya manispaa hapa, na nimefunga madaftari mengi ya hesabu. Najua kwamba deni haliondoki kwa kuhamishwa. Huandikwa ukurasa mwingine. Tajiri wa Ujiji alilipwa mpaka senti ya mwisho. Dada yangu hakuandikwa katika daftari lolote.

Hata sheria za hapa zimelijua jambo hili. Kanuni ya Adhabu ya Ubelgiji ya mwaka 1867 iliweka kwamba wizi baina ya mke na mume, au baina ya wazazi na watoto wao, uishie kwenye fidia, pasipo adhabu. Sheria ilisimama mlangoni, ikaiachia nyumba hukumu yake. Basi ni juu ya nyumba kuhukumu kwa haki.

Nakiomba kikao kikirekebishe kifungu hiki kabla ya kura. Kwanza, jamaa walipe iwapo wamekubali wao wenyewe, kila mmoja kwa kinywa chake. Pili, fedha za masomo ya mtoto zisiguswe kamwe. Tatu, aliyepoteza abaki na deni kwa wale waliomlipia, na liandikwe. Nne, hundi isitoke bila saini mbili, ili tusije tukamjaribu ndugu yetu kwa fedha nyingi na upweke.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Walisema pia mficha uchi hazai. Sidai bangili wala mtumbwi kwa watoto wa baba mdogo; nawapenda, nao wanajua. Naomba jambo moja tu: tukitoka kwenda kula, kabla ya kushika sahani, mpiteni pale mbele mmsalimie dada yangu, mkijua sasa mnamsalimia nani.