Kijani Hakisubiri Asubuhi

Mama na baba mlioko kambi ya Kinama huku Muyinga, na ninyi mnaotusikiliza mkiwa Gitega, leo tuongee juu ya choo cha kwanza cha mtoto.

Choo hicho ni cheusi, kinanata kama lami. Watoto wengi waliotimiza miezi yao hukipata ndani ya saa 24. Zikipita bila choo, mpeleke kituo cha afya. Akitapika rangi ya kijani, au tumbo likivimba, usihesabu saa. Ondoka hapo hapo, hata kama ni usiku. Kile kijani ni nyongo. Huenda utumbo umeziba.

Sababu ni nyingi. Moja ni ugonjwa wa kurithi, sistiki fibrosisi: ute wa mwili unakuwa mzito, choo kinaganda tumboni. Mtoto anaurithi kwa baba na mama wote wawili, nao wanaweza kuwa wazima kabisa. Basi mama asilaumiwe, wala jirani asiitwe mchawi.

Bibi zetu, tunawaheshimu. Lakini maji ya majani, ya kunywesha au ya kutia nyuma, hayazibui utumbo. Yanaweza kumuua mtoto.

Njiani mweke kifuani, ngozi kwa ngozi, umfunike kichwa. Hospitalini watapitisha mpira puani kutoa nyongo, watamwekea maji ya mshipa, na pengine watampasua. Wengi hupona wakifika mapema.

Ukiambiwa ungoje asubuhi, jibu: kijani hakisubiri. Mwambie na jirani asiye na redio.