MBUNI USIUZWE UNGALI MAUA
Hotuba kwa Wananchi wa Kitura



Tumekuja kusema nanyi habari ya mti mmoja tu, nao ni mbuni. Hapa Umatengo mbuni hauko mbali porini. Uko ubavuni mwa nyumba, kivulini mwa migomba. Ndio uliosomesha watoto wetu na kutuezekea mabati. Basi ni mali ya nyumba nzima, baba na mama.

Mbuni ni mvumilivu, lakini haushibi maneno. Shimo liwe futi 2 kwenda chini na futi 2 kila upande. Udongo wa juu uchanganywe na debe la samadi iliyooza. Miche ipandwe mvua zikishika, na kati ya mche na mche ziwe futi 9. Anayepanda upya asing'oe machipukizi chini ya mti wa jirani. Aende kituo cha utafiti wa kahawa cha TaCRI, Ugano, humu humu Mbinga. Miche yao mipya huhimili chulebuni na kutu ya majani, magonjwa yanayomaliza fedha zetu kwa dawa. Mwaka wa tatu ataanza kuchuma.

Lakini, ndugu zetu, kuna adui mbaya kuliko chulebuni, naye ni magoma. Kule Kagera wanamwita butura. Mwezi wa Januari ghala ni tupu, ada inadaiwa, mtoto anaumwa. Mwenye fedha anakuja jioni, anatoa kidogo, na kahawa iliyo bado mtini inakuwa yake. Sisi tunapalilia, yeye anavuna. Hakutuibia, tulimpa wenyewe, kwa kuwa kila mmoja alikuwa peke yake na shida yake.

Wangoni na Wamatengo walikuwa na ushirika wao wa kuuza mazao tangu miaka ya 1930. Je, sisi tutashindwa? Wakati wa mavuno kila nyumba iweke akiba katika chama, ili Januari mwenye shida akopeshwe na wenzake. Tuchume kahawa nyekundu tu, tuimenye siku ile ile, tuiuze pamoja. Na asiwepo mume wa kuuza mbuni bila mkewe kujua, maana mikono ya mama ndiyo inayochuma.

Leo jioni kila nyumba ihesabu mibuni yake. Kesho tukutane tuandike majina ya wanachama wa akiba.