Tiba ya Uraibu: Ulizeni Kama Imethibitishwa

Leo tunauliza: mraibu anapopelekwa kutibiwa, anapewa tiba iliyothibitishwa, au anafungiwa tu na kuombewa?

Tanzania tunao mfano wa kujivunia. Februari 2011, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa methadoni kwa waraibu wa heroini. Kwa kawaida mgonjwa hufika kila siku, hupewa dawa ya maji kwenye kikombe na kuinywa mbele ya mhudumu. Arosto, yaani mateso ya kukosa heroini, inatulia, hamu inapungua, naye anaweza kurudi kazini. Wapo wanaosema huko ni kubadilisha ulevi kwa ulevi. Si kweli. Shirika la Afya Duniani liliiingiza methadoni kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2005, baada ya utafiti wa miaka mingi. Kanda ya Ziwa, huduma hiyo ipo Hospitali ya Sekou Toure, Mwanza.

Lakini methadoni haitibu uraibu wa gongo, na kilio cha familia nyingi ni pombe. Hapa sikilizeni vizuri. Mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka, mkimfungia chumbani aache ghafla, ndani ya siku mbili tatu anaweza kutetemeka, kuona visivyokuwepo, kupata degedege, hata kufa. Mpelekeni hospitali, zipo dawa za kumvusha salama. Maombi yaendelee, ila yasichukue nafasi ya daktari.

Kwa ushauri wa dawa za kulevya piga 119, bila malipo.