Haya na Maradhi: Kuzitambua Dalili za Bawasiri

(Muhadhara wa Ramadhani uliotolewa katika ukumbi wa jumuiya, England, kabla ya futari)

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake. 

Mimi ni muuguzi kwa kazi. Si daktari wala shekhe. Nilipoombwa nizungumze juu ya afya katika mwezi huu mtukufu, niliomba ruhusa ya kutaja maradhi ambayo kwetu hayatajwi, nayo ni bawasiri. Nimepewa ruhusa hiyo, na naomba radhi kwa watakaoona maneno yangu ni mazito.

Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba sahaba Imran bin Husayn (r.a.) alikuwa na bawasiri. Hakuyaficha maradhi yake. Alimwendea Mtume (s.a.w.) kumuuliza ataswali vipi, naye akaelekezwa aswali kwa kusimama, asipoweza, kwa kukaa, asipoweza, kwa kulalia ubavu. Wazee wetu wanaoswali juu ya viti wanaitegemea ruhusa hiyo kila siku. Wachache wetu hukumbuka kwamba aliyeuliza alikuwa na maradhi ambayo leo mtu humficha hata mwenzake wa ndani.

Ami yangu, aliyenisomesha juzuu yangu ya kwanza, aliona damu chooni kwa karibu miaka miwili. Alijiambia ni bawasiri, kwa kuwa babu yake naye alikuwa nayo. Aliagiza unga wa mizizi kutoka nyumbani, na nguo zake akawa anazifua mwenyewe usiku ili mkewe asione. Tulijua siku aliposhindwa kupanda ngazi za msikiti bila ya kupumzika, uso umempauka kwa upungufu wa damu. Ilikuwa saratani ya utumbo mpana, nayo ilikwisha kufika kwenye ini. Ramadhani mbili nilikaa naye mkeka mmoja nikifuturu, mimi muuguzi. Hakuniambia, wala mimi sikumuuliza. Mungu amrehemu.

Basi tujue kwanza bawasiri ni nini. Kila mwanadamu ana nyama laini zenye mishipa ya damu karibu na tundu ya haja kubwa, nazo husaidia kuiziba njia hiyo. Zikivimba au zikateremka, hiyo ndiyo bawasiri. Huletwa na choo kigumu, kujikamua, kukaa chooni muda mrefu, ujauzito, na umri.

Dalili zake ni hizi. Ya kwanza ni damu nyekundu iliyo wazi, inayoonekana kwenye karatasi au ikidondoka baada ya choo, na mara nyingi haina maumivu. Ya pili ni kinyama kinachojitokeza mtu anapojikamua. Huenda kikarudi chenyewe, kikahitaji kurudishwa kwa kidole, au kikabaki nje. Ya tatu ni mwasho, ute, na hisia kwamba choo hakijakwisha. Ya nne ni uvimbe mgumu wa rangi ya zambarau unaotokea ghafla na kuuma sana, kwa sababu damu imeganda ndani yake. Ama maumivu kama ya kukatwa kwa wembe wakati choo kinapita, hayo mara nyingi ni ya mchaniko wa ngozi, wala si bawasiri.

Sasa nisikilizeni kwa makini. Zipo dalili ambazo hazifai kusingiziwa bawasiri: damu iliyochanganyika na choo; damu ya rangi iliyokoza, au choo cheusi kama lami; mabadiliko ya choo yanayodumu wiki tatu au zaidi, kiwe cha kuharisha au cha kufunga; kukonda bila ya sababu; uchovu na kuishiwa pumzi; maumivu au uvimbe wa tumbo; na kuwa na mzazi au ndugu aliyepata saratani ya utumbo. Mwenye mojawapo ya haya asingoje Idi ipite. Na anayetokwa na damu nyingi isiyokoma, au mwenye kizunguzungu pamoja na damu, asingoje hata magharibi: apige 999. Aliyeruhusu mgonjwa kufungua na kulipa siku nyengine ni Mwenyezi Mungu mwenyewe, katika Sura ya Al-Baqara.

Hata pale dalili zote zinapolingana na bawasiri, jina hilo tusijipe wenyewe. Bawasiri na saratani zaweza kukaa katika mwili mmoja. Ni daktari, baada ya kumpima mtu, awezaye kusema hii ni hii. Na wengi wanaopimwa hurudi nyumbani na habari njema, baada ya miezi ya kukosa usingizi bure.

Wako wasemao: nitasemaje mbele ya daktari? Sema hivi: natokwa na damu ninapokwenda haja kubwa. Maneno hayo yanatosha. Unayo haki ya kuomba daktari wa jinsia yako, na kuomba mkalimani bila ya malipo, ili mama asilazimike kutafsiriwa siri yake na mwanawe. Tena, hapa England kila mtu wa miaka 50 hadi 74 hupelekewa nyumbani, kila baada ya miaka miwili, kifurushi cha kupimia choo, kinachotafuta damu isiyoonekana kwa macho. Najua nyumba ambamo vifurushi hivyo vimelala kabatini. Vitoeni leo. Lakini mwenye dalili asikingoje kifurushi. Aende kwa daktari.

Ramadhani huzidisha choo kigumu, kwa kuwa maji ni machache na sambusa ni nyingi. Tunywe maji kidogo kidogo tangu futari hadi daku. Tule kunde, maharage, mboga za majani, matunda na tende. Haja ikija, tusiicheleweshe. Na simu ibaki nje ya choo. Kukaa katika maji ya vuguvugu hutuliza maumivu. Dawa za kuingizwa, mtu aulize daktari kama aweza kuzitumia usiku, na kuhusu mchana amuulize shekhe. Ama dawa za kuunguza au za kukata kinyama hicho, tuzikimbie. Nimeona majeraha yake.

Haya ni katika imani. Lakini haya hutuzuia tusitende baya; haikuwekwa ituzuie kuuokoa mwili ambao ni amana. Usiku wa leo, baada ya tarawehe, kila mmoja wetu amuulize mzee wake swali nisilomuuliza ami yangu: baba, mama, je, waona damu?

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awarehemu waliotutangulia, na azikubali saumu zetu. Amin. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.