Risala ya Mwenyekiti: Mafuta Machafu, Dizeli na Fedha Yetu ya Hisa



Tunamshukuru Mungu kutufikisha miaka kumi. Mapato na matumizi atayasoma mweka hazina. Sisi tunataka kusema jambo moja lililoletwa kikaoni: je, tutoe fedha ya hisa, tununue mtambo wa kugeuza mafuta yaliyokwisha kukaangia kuwa dizeli ya mashine ya kusaga?

Jambo lenyewe ni la kweli, si hadithi. Mwaka 1900, kwenye maonyesho ya Paris, injini ya dizeli iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Siku hizi mafuta machafu yanachujwa, yanapashwa moto maji yatoke, halafu yanachanganywa na methanoli na kostiki. Lita 10 za mafuta zinataka kama lita 2 za methanoli. Yakitulia, dizeli inakaa juu, gliserini inazama chini.

Lakini jamani, tupige hesabu. Kwanza, mafuta machafu yetu sisi wakaanga maandazi hayajazi dumu la lita 20 kwa juma, na mashine ya kusaga inalimaliza kwa siku moja au mbili. Pili, methanoli ni sumu. Ukiinywa inapofusha na kuua, na moto wake mchana hauonekani vizuri. Si kitu cha kuweka nyumbani penye watoto. Tatu, baridi ya Ufipa ya mwezi wa sita na wa saba mnaijua. Mafuta ya mawese yanaganda chupani, na dizeli yake nayo huganda ikaziba chujio la injini.

Tena tuwakumbuke wenzetu wa Mpanda, walipokuwa bado mkoa wetu wa Rukwa, kabla ya Katavi kuanzishwa mwaka 2012. Walihimizwa kulima mbono wa dizeli. Bei ya mbegu ikawa ndogo, wengi wakaacha.

Kwa hiyo kamati tunapendekeza hivi: fedha ya hisa isiguswe. Kila mkaangaji alete mafuta machafu kwenye dumu la kikundi, tupike sabuni ya kufulia. Sabuni inataka mafuta, maji na kostiki tu. Ila tuvae glavu, na kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maji; ukimwaga maji juu ya kostiki inachemka na kuruka machoni. Akija mnunuzi wa mafuta ya dizeli, tutamwuzia kwa fedha taslimu, mtambo uwe wake. Na mafuta yaliyokwisha kuwa meusi yasirudi kwenye karai kumlisha mtoto wa mwenzio.

Hisa hizi zimetokana na maharage, ulezi na maandazi, shilingi kwa shilingi. Haba na haba hujaza kibaba. Uamuzi ni wenu wanachama.