Ushuru Usio Haki

Mkazi wa Njinjo ameegesha pikipiki katika uwanja wa nyumba yake, naye jirani anamtoza ushuru wa maegesho. Afanyeje? Asilipe kwa woga, maana kesho atadaiwa mjane asiye na mtetezi, wala asitukane. Katika Mathayo 18 Bwana ametufundisha njia: kwanza mzungumze ninyi wawili, kisha mbele ya mashahidi, ndipo mbele ya kusanyiko. Basi, mwombe jirani aonyeshe haki yake ya kutoza. Waiteni wazee wanaoijua mipaka. Hatimaye nendeni kwenye Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe 7, wakiwamo wanawake 3, liwapatanishe. Kudai haki kwa upole si ugomvi. Amina.